Thaddeus Stevens, wakili na mbunge wa Pennsylvania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Abraham Lincoln anajulikana kila mahali. Mzee aliyekuwa akimsukuma Lincoln kutoka ndani ya chama chake mwenyewe, kisha akapambana na mrithi wake hadi pumzi za mwisho, hajulikani sana kwa wasomaji wa Kiswahili. Huyo ni Thaddeus Stevens. Kila anaposimuliwa, huanza kusimuliwa ulimi wake mkali. Sisi tumeanza na ufundi wake, kwa kuwa silaha zake za kweli zilikuwa kanuni za Bunge, vifungu vya Katiba na hesabu za fedha.

Alikuwa nani, kwa kifupi?

Alizaliwa Danville, Vermont, tarehe 4 Aprili 1792, akafariki Washington usiku wa tarehe 11 Agosti 1868 akiwa na miaka 76. Alikuwa wakili Gettysburg, kisha Lancaster, miji miwili ya Pennsylvania. Alikaa katika bunge la jimbo lake kwa vipindi kadhaa kuanzia 1833, akaingia Baraza la Wawakilishi la Marekani 1849 hadi 1853 kwa chama cha Whig, akarudi 1859 kwa chama cha Republican na kubaki humo mpaka kufa. Hakuwahi kuwa seneta, waziri wala gavana.

Je, ndiye aliyekuwa makamu wa rais wa majimbo yaliyoasi?

Hapana. Huyo ni Alexander Stephens wa Georgia, moja ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani kwa ajili ya utumwa, hata vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka. Majina yanafanana kwa sauti lakini tahajia ni tofauti: mmoja Stevens, mwingine Stephens. Walikuwa pande mbili zinazopingana, na ukiwachanganya, habari nzima inageuka kichwa chini miguu juu.

Alikuwa na ulemavu?

Ndiyo. Alizaliwa na mguu kifundo, yaani wayo uliopinda, na alichechemea maisha yake yote. Kaka yake mkubwa alikuwa na kilema hicho kwenye miguu yote miwili. Baba yao, fundi viatu aliyepima pia ardhi, aliiacha familia, na mama yao, Sarah Morrill Stevens, akabaki na watoto wanne wa kiume bila mali. Ndiye aliyewahamishia Peacham, palipokuwa na shule nzuri, ili wasome. Thaddeus alihitimu chuo cha Dartmouth 1814.

Aliupataje uwakili bila kusoma chuo cha sheria?

Wakati huo karibu kila wakili Marekani alipita njia hiyo. Mwanafunzi alijiunga na ofisi ya wakili mzoefu, akasoma vitabu vyake, akanakili hati, akahudhuria vikao, halafu akasailiwa na mawakili au majaji wa wilaya kabla ya kuandikishwa. Stevens alifundisha shule mjini York, Pennsylvania, huku akisoma sheria jioni. Hapo ndipo alipokwama: mawakili wa York walipitisha kanuni ya kumkataa mtu yeyote aliyesoma sheria huku akifanya kazi nyingine. Mwaka 1816 akapanda farasi, akavuka mpaka hadi Bel Air, Maryland, akasailiwa huko na kukubaliwa. Inasimuliwa kwamba wasaili walitaka kwanza chupa za mvinyo wa Madeira mezani. Uwakili wa Maryland ulimfungulia mlango wa Pennsylvania, na mwaka huohuo akafungua ofisi Gettysburg.

Mwanzoni alikaa bila wateja. Kesi iliyomtangaza ilikuwa ya mauaji, 1817: alimtetea mshtakiwa kwa hoja ya kichaa, utetezi ambao mahakama za siku zile hazikuuzoea. Alishindwa, lakini watu waliomsikia walianza kumletea migogoro ya ardhi, madeni na mirathi. Katika miaka michache alikuwa miongoni mwa wenye ardhi nyingi mjini.

Ni kweli aliwahi kumtetea mmiliki wa watumwa?

Ni kweli, na anayeandika maisha yake akaruka jambo hili hamtendei haki msomaji.

Pennsylvania ilikuwa na sheria ya 1780 ya kukomesha utumwa hatua kwa hatua. Mgeni kutoka jimbo lingine aliweza kuingia na mtumwa wake, lakini akimweka humo zaidi ya miezi sita, mtumwa huyo alikuwa huru. Charity Butler, mwanamke Mweusi aliyekuwa mtumwa Maryland, aliletwa Pennsylvania mara kadhaa na familia iliyomtumikisha. Alidai kwamba ukizijumlisha siku zote hizo, zinapita miezi sita, kwa hiyo yeye na watoto wake ni watu huru. Stevens alisimama upande wa mmiliki. Hoja yake ilikuwa fupi: sheria inasema miezi sita mfululizo, na safari fupi fupi hazijumlishwi. Mwaka 1821 Mahakama Kuu ya Pennsylvania ilikubaliana naye. Charity Butler na watoto wake wakabaki utumwani.

Hakuacha maelezo ya nafsi yake kuhusu kesi hiyo. Kinachoonekana ni matendo yaliyofuata. Sikukuu ya uhuru ya 1823 alinyanyua glasi akaliombea taifa rais ajaye awe mtu asiyewahi kumfunga binadamu minyororo. Baadaye aliwatetea watu waliotoroka utumwa mara nyingi, bila malipo. Katika mkutano wa kuandika upya katiba ya Pennsylvania, 1837 na 1838, wajumbe waliingiza neno "mweupe" kwenye sifa za mpiga kura, na hivyo wakawanyang'anya kura wanaume Weusi waliokuwa huru. Stevens alikataa kutia saini katiba hiyo. Hayo yote hayakumrudishia Charity Butler chochote, na ni haki jina lake litajwe kila Stevens anapotajwa.

Kwa nini aliwapiga vita Frimasoni?

Mwaka 1826 mtu aitwaye William Morgan, aliyetaka kuchapisha siri za Frimasoni, alitekwa New York na hakuonekana tena. Walioshtakiwa walipata adhabu nyepesi, na wengi waliamini kwamba majaji na masherifu walikuwa wanachama waliolindana. Hapo kikazaliwa chama cha kuwapinga Frimasoni, na Stevens akaingia katika siasa kupitia chama hicho. Kwake tatizo lilikuwa la kisheria: mtu aliyekula kiapo cha siri kwa ndugu zake hawezi kuketi mahakamani kama mwamuzi wa haki. Aliunda kamati ya uchunguzi katika bunge la jimbo, akawaita wakubwa, akiwemo aliyekuwa gavana, George Wolf. Walikataa kujibu, na kamati ikafa bila matunda. Tunaona hapa alikosea kipimo: alitumia nguvu za Bunge kuwalazimisha watu waeleze imani na urafiki wao, na wananchi wakachoka.

Alifanya nini kuhusu shule?

Mwaka 1834 Pennsylvania ilipitisha sheria ya shule za umma zinazolipiwa kwa kodi. Kabla ya hapo mtoto wa maskini alisomeshwa bure endapo tu wazazi wake walijiandikisha hadharani kuwa mafukara, na wengi waliona bora mtoto akae nyumbani kuliko kuibeba aibu hiyo. Wenye mali walilalamikia kodi, na 1835 Seneti ya jimbo ikapiga kura ya kuifuta sheria. Tarehe 11 Aprili 1835 Stevens alisimama katika baraza la chini. Wapiga kura wake mwenyewe walikuwa wamemtaka aifute. Aliwaambia wabunge kwamba kodi ya shule ni kama kodi ya jela: unailipa hata kama wewe hukai humo, na ya kwanza inapunguza haja ya ya pili. Baraza likageuka, sheria ikabaki. Mwenyewe aliihesabu hotuba hiyo kuwa kazi yake bora, na ukikumbuka mama aliyehama mji kwa ajili ya shule, unaelewa.

Ni kweli aliruka dirishani?

Ndiyo, Harrisburg, Desemba 1838. Matokeo ya uchaguzi wa Philadelphia yalibishaniwa, kila upande ukadai umeshinda, umati ukavamia ukumbi, na Stevens akatokea dirishani pamoja na wenzake wawili. Gavana aliita askari. Upande wa Stevens ndio ulioshindwa mwishoni, na haikuwa sura nzuri kwake.

Alikuwa tajiri?

Alikuwa tajiri, kisha mdaiwa, kisha mtu mwenye nafuu. Kiwanda chake cha kuyeyusha chuma, Caledonia, magharibi ya Gettysburg, kilikula fedha kuliko kilivyozalisha. Chuma ghafi kilihitaji mkaa mwingi, barabara mbovu ziliongeza gharama ya kusafirisha, na yeye alikuwa wakili aliyewaachia wabia usimamizi. Madeni yalipozidi dola 200,000, alihamia Lancaster, 1842, kwa sababu kesi huko zilikuwa kubwa na malipo mazuri. Aliyalipa kidogo kidogo kwa ada za uwakili. Alikataa kufunga kiwanda kwa kuwa familia nyingi zilikitegemea.

Tarehe 26 Juni 1863 jeshi la Kusini lilipokuwa likielekea Gettysburg, Jenerali Jubal Early alikichoma moto kwa makusudi kwa sababu ya jina la mwenye kiwanda. Walichukua farasi, nyumbu, nyama na nafaka. Stevens aliwatunza wafanyakazi wake waliobaki bila kazi.

Kesi ya Christiana ilikuwa nini?

Kwa anayetaka kumwelewa Stevens kama wakili, hii ndiyo kesi ya kuisoma.

Sheria ya watumwa waliotoroka ya 1850 ilikuwa kali mno. Aliyekamatwa hakuruhusiwa kutoa ushahidi. Afisa aliyesikiliza shauri alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, dola 5 akimwachia. Raia yeyote aliweza kuamriwa asaidie kukamata, na aliyezuia ukamataji alikabiliwa na faini hadi dola 1,000 na kifungo hadi miezi sita.

Alfajiri ya tarehe 11 Septemba 1851, Edward Gorsuch wa Maryland alifika na afisa wa serikali karibu na kijiji cha Christiana, katika wilaya ya Lancaster, kuwadai watu waliomtoroka. Walikuwa nyumbani kwa William Parker, naye alikuwa ametoroka utumwa. Mke wa Parker, Eliza, akapuliza pembe, majirani wakaja na silaha. Gorsuch akauawa, mwanawe akajeruhiwa. Parker akakimbilia Kanada.

Serikali ilitaka kutoa funzo, ikawashtaki watu zaidi ya 30 kwa uhaini. Wa kwanza kupandishwa kizimbani alikuwa Castner Hanway, msaga nafaka Mzungu aliyefika pale juu ya farasi bila silaha na kukataa kumsaidia afisa. Kesi ilisikilizwa Philadelphia kuanzia Novemba 1851.

Serikali iliharibu kesi yake yenyewe tangu hatua ya kuchagua kosa. Ingeshtaki kwa kuzuia ukamataji, ingekuwa na hoja. Lakini Katiba ya Marekani inafafanua uhaini kwa ufinyu wa makusudi: kuanzisha vita dhidi ya nchi, au kuwaambata maadui zake na kuwasaidia, na lazima wawepo mashahidi wawili wa tendo lilelile la wazi. Je, msaga nafaka juu ya farasi, asiye na bunduki, ameanzisha vita dhidi ya Marekani? Jaji Robert Grier, asiyewapenda kabisa wapinga utumwa, aliwaeleza raia 12 walioketi kuamua kwamba upinzani wa namna hiyo haufikii uhaini. Wakarudi baada ya dakika kama 15: hana hatia. Kesi za uhaini dhidi ya wengine zikafutwa.

Stevens alikuwa mmoja wa mawakili wa utetezi, lakini alimwachia mwenzake, John M. Read, nafasi ya mbele. Jina lake lilijulikana mno kama mpinga utumwa, na lingeweza kumdhuru mteja. Si kila wakili maarufu anayejua lini anyamaze.

Noti za kijani zilihusianaje naye?

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861, Stevens akawa mwenyekiti wa kamati ya Baraza iliyoshika mapato, mikopo na, kwa wakati huo, matumizi pia. Mwishoni mwa Desemba 1861 mabenki yalisimamisha kulipa dhahabu, na hazina ilikuwa inakauka huku askari wakidai mishahara. Jibu lilikuwa sheria ya tarehe 25 Februari 1862: serikali ichapishe noti za dola milioni 150 zisizodhaminiwa na dhahabu, na kila mtu alazimike kuzipokea kwa malipo. Mgongo wa noti ulikuwa wa kijani, jina likatoka hapo. Sheria mbili zilizofuata zilifikisha kibali hadi dola milioni 450.

Seneti iliingiza kifungu kwamba ushuru wa forodha na riba ya hati za mkopo zilipwe kwa dhahabu. Stevens alikipinga kwa uchungu. Alisema kinaunda fedha mbili katika nchi moja: dhahabu kwa tajiri aliyeikopesha serikali, karatasi kwa askari na kibarua. Alishindwa, na alichokihofia kikatokea. Katikati ya 1864 dola ya karatasi ilishuka hadi chini ya senti 40 za dhahabu, na aliyelipwa mshahara kwa noti ndiye aliyeumia.

Kwa nini wengine wanasema alirudi nyuma kuhusu usawa?

Ni kwa sababu ya Januari 1865. Marekebisho ya 13 ya Katiba, ya kufuta utumwa, yalihitaji theluthi mbili ya Baraza, na kura za baadhi ya Wademokrati zilikuwa lazima. Wapinzani walimtega Stevens atamke kwamba anataka usawa katika kila kitu, ili wawatishe wanaoyumba. Akajibu kwamba anachodai ni usawa mbele ya sheria. Tarehe 31 Januari kura zikawa 119 kwa 56. Wapiga kura walikuwa 175, theluthi mbili ni 117: zilizidi mbili tu. Kwa hesabu ya namna hiyo, sentensi moja ya ziada ingeweza kuangusha kila kitu.

Aliwazuiaje wabunge wa Kusini wasirudi bungeni 1865?

Baada ya Lincoln kuuawa, Rais Andrew Johnson aliyaruhusu majimbo yaliyoasi yaunde serikali upesi. Yakachagua wabunge, wengine viongozi wa uasi wenyewe, huku yakitunga sheria za kuwabana watu Weusi. Lilikuwapo tatizo jingine ambalo wengi hawalioni. Zamani mtumwa alihesabiwa kama tatu ya tano ya mtu katika kugawa viti. Utumwa ulipofutwa, alihesabiwa mtu mzima. Watu karibu milioni 4 waliokuwa watumwa waliongeza kama milioni 1.6 kwenye hesabu, na hali hawakuruhusiwa kupiga kura. Walioshindwa vita wangerudi na viti vingi kuliko walivyoondoka navyo.

Dawa ya Stevens ilikuwa ya kiutaratibu. Siku ya kwanza ya Bunge jipya, kabla hajachaguliwa spika, Katibu wa Baraza ndiye anayesoma orodha ya majina, na asiyesomwa hana sauti. Katibu alikuwa Edward McPherson wa Gettysburg, mtu wa karibu wa Stevens. Tarehe 4 Desemba 1865 alisoma orodha akayaruka majina ya Kusini. Waliosimama kulalamika waliambiwa hawapo kwenye orodha, hivyo hawawezi kusema. Kisha Stevens akapitisha hoja ya kuunda kamati ya wajumbe 15, tisa wa Baraza na sita wa Seneti, ichunguze kama jimbo lolote la Kusini linastahili kurudi. Mpango wa Rais ulisimamishwa kwa orodha ya majina.

Je, yeye ndiye aliyeandika Marekebisho ya 14?

Si peke yake. Yalitoka katika kamati ile ya 15, na Stevens ndiye aliyeyaongoza Barazani. Maneno ya kinga sawa ya sheria yalitoka zaidi kwa John Bingham wa Ohio. Sentensi ya uraia, kwamba aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya mamlaka yake ni raia, iliingizwa na Seneta Jacob Howard wa Michigan. Familia za Afrika Mashariki zinazoishi Marekani hukutana na sentensi hiyo mtoto anapozaliwa huko. Mwaka 1898 Mahakama Kuu ya Marekani iliitumia kumtambua Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco na wazazi Wachina, kuwa raia.

Alichokitaka zaidi Stevens kilikuwa kifungu cha pili: jimbo likiwanyima wanaume kura, lipunguziwe viti. Kimeandikwa, lakini hakijawahi kutekelezwa. Tarehe 13 Juni 1866, akipendekeza Baraza likubali maandishi ya mwisho, alikiri kwamba si aliyoyatamani, akasema anayapokea kwa kuwa anaishi miongoni mwa wanadamu, si malaika. Yaliridhiwa Julai 1868, wiki chache kabla ya kifo chake.

Majimbo yaliyoasi yalitakiwa kufanya nini ili yarudi?

Sheria ya tarehe 2 Machi 1867, ambayo Rais aliikataa kwa kura ya turufu na Bunge likaipitisha hata hivyo siku ileile, iliyagawa majimbo kumi katika wilaya tano za kijeshi. Tennessee haikuwemo kwa kuwa ilikwisha kuyaridhia Marekebisho ya 14. Kila jimbo liliitisha mkutano wa katiba uliochaguliwa na wanaume bila kujali rangi, likaandika katiba inayowapa watu Weusi kura, wananchi wakaipitisha, bunge la jimbo likayaridhia Marekebisho ya 14, ndipo Bunge la Marekani likafikiria kulipokea.

Mpango wa ekari 40 ulikuwaje, na kwa nini ulianguka?

Stevens aliamini kwamba kura bila ardhi ni kura ya mtu anayeweza kufukuzwa shambani kesho yake. Tarehe 6 Septemba 1865, mjini Lancaster, aliweka hesabu mezani. Ardhi ya majimbo yaliyoasi, alisema, ni ekari milioni 465, na kati ya hizo milioni 394 zimo mikononi mwa watu kama 70,000, kila mmoja akiwa na zaidi ya ekari 200. Chukueni hizo, wakulima wadogo msiwaguse. Kila mwanaume mtu mzima aliyetoka utumwani, kama milioni moja kwa jumla, apewe ekari 40: hizo ni ekari milioni 40. Zinazobaki, milioni 354, ziuzwe kwa dola 10 kila moja, zipatikane dola milioni 3,540. Milioni 300 ziwekezwe na riba yake iongeze pensheni za askari, milioni 200 ziwafidie wananchi watiifu walioharibiwa mali, na milioni 3,040 zilipe deni la taifa.

Kizuizi cha kisheria kilikuwa kikubwa. Katiba inasema mali ya mhaini haiwezi kutwaliwa kupita uhai wake. Akifa, watoto wanairithi. Aliyepambana na neno "uhaini" Christiana alijua vema mipaka yake, kwa hiyo alipita njia nyingine: hawa, alisema, walijiita taifa na wakapigana vita vya taifa, basi wahesabiwe maadui waliotekwa chini ya sheria za vita, na aliyeshinda anaweza kudai gharama.

Wenzake hawakumfuata. Februari 1866 pendekezo lake la ardhi liliangushwa Barazani kwa kura 126 dhidi ya 37. Akaleta mswada mwingine Machi 1867, nao haukufika popote. Wengi wa chama chake waliona kugusa haki ya kumiliki mali Kusini ni kuwafundisha vibarua wa Kaskazini kudai vivyo hivyo. Wenye viwanda vya nguo walitaka pamba irudi sokoni upesi. Wengine waliamini kweli kwamba kura inatosha. Na hata kilichokwisha tolewa kilirudishwa: amri ya Jenerali Sherman ya Januari 1865 iliwaweka watu kama 40,000 kwenye mashamba ya pwani ya South Carolina, Georgia na Florida, na mwaka haukwisha kabla Johnson hajaanza kuwarejeshea mabwana wa zamani.

Kilichobaki ni kulima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno: mbegu, jembe na chakula kwa mkopo wa dukani, mizania ya mwenye duka, na deni lililovuka mwaka hadi mwaka.

Kwa nini Rais Johnson hakung'olewa?

Johnson alimfukuza Waziri wa Vita, Edwin Stanton, tarehe 21 Februari 1868, kinyume cha sheria ya 1867 iliyotaka Seneti ikubali kwanza. Siku tatu baadaye Baraza lilimshtaki kwa kura 126 kwa 47. Stevens alikuwa mgonjwa, akibebwa kitini na vijana wawili kuingia ukumbini. Mashtaka yalikuwa 11. La kumi na moja, lililokusanya makosa mengi pamoja, lilitokana na ushauri wake, na ndilo Seneti ililolipigia kura kwanza, tarehe 16 Mei. Kura 35 zilisema ana hatia, 19 hana. Zilitakiwa 36.

Wanarepublican saba walimwachia. Sheria ilikuwa na ufa: iliwalinda mawaziri katika kipindi cha rais aliyewateua, na Stanton aliteuliwa na Lincoln. Muhula wa Johnson ulibakiza chini ya mwaka mmoja. Na ambaye angeingia Ikulu ni Benjamin Wade, kiongozi wa Seneti, ambaye wengi wa chama chake hawakumtaka.

Lydia Hamilton Smith alikuwa mke wake?

Stevens hakuoa. Bi Smith, mjane mwenye asili ya Kiafrika na Kiayalandi, alisimamia nyumba yake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1840 hadi Stevens alipofariki, akiwa na wanawe wawili. Majirani walisema mengi, ushahidi wa ndoa ya siri haupo. Stevens alimwita "Bi Smith" mbele ya wageni na kutaka nao wamwite hivyo, heshima ambayo mwanamke Mweusi hakupewa kirahisi. Bi Smith alikuwa mfanyabiashara na mwenye majengo kwa haki yake. Baada ya mapigano ya Gettysburg alikusanya chakula na nguo kwa gari la farasi akawapelekea majeruhi wa pande zote mbili.

Wosia wa Stevens ulisema nini?

Bi Smith achague kati ya dola 500 kila mwaka au dola 5,000 kwa mkupuo. Aliweza kuinunua nyumba waliyoishi. Mpwa wa Stevens, aliyependa pombe, apate robo ya mali akiacha kunywa miaka mitano, robo nyingine baada ya mitano tena, na iliyobaki baada ya mitano ya tatu. Hakuipata. Fedha zilizobaki zikaelekezwa kwenye makao ya yatima wasio na msaada, bila kubaguliwa kwa rangi, wasome madarasa yaleyale na kula meza moja. Shule hiyo ilianzishwa Lancaster 1905, na leo ni chuo cha ufundi chenye jina lake. Aliacha pia fedha ili kaburi la mama yake, Peacham, lipandwe mawaridi kila mwaka.

Amezikwa wapi, na kwa nini pale?

Mwili wake uliagwa katika ukumbi mkuu wa Bunge mjini Washington, ukilindwa na wanajeshi Weusi, kisha ukapelekwa Lancaster kwa treni. Makaburi makubwa ya mji yalikuwa na masharti ya kuzika Wazungu tu. Stevens alipogundua hivyo, akachagua makaburi madogo ya Shreiner, yaliyopokea watu wote. Maandishi ya kaburi aliyatunga mwenyewe: yanasema hakulala mahali hapo patulivu kwa kupenda upweke, bali kwa kuwa makaburi mengine yamebagua rangi katika kanuni zake, naye alitaka kuonyesha katika kifo msimamo alioutetea maishani, usawa wa binadamu mbele ya Muumba wake. Yapo hadi leo, pembeni ya mtaa wa West Chestnut na Mulberry, mwendo mfupi kwa miguu kutoka katikati ya mji.